Motokaa Kuukuu Yataka Maji Matamu

Mwezi wa Januari, wakati wa maembe, mtu akisafiri katika barabara za Makueni ataona motokaa nyingi ndogo aina ya Toyota Probox zikienda sokoni, nyuma zimeinama kwa uzito kama punda aliyebebeshwa mitungi minne. Tena hakosi kuona moja au mbili zimesimama kando ya njia, boneti wazi, mvuke unatoka, na mwenye mali ameketi juu ya jiwe akitazama maembe yake yanavyopigwa na jua.

Mmoja wa hao nilimkuta katika njia ya kutoka Wote kwenda Machakos, mahali panapopanda vilima kabla ya kufika Kola. Ni mkulima wa makamo, na shamba lake ni katika settlement. Motokaa ile aliinunua kwa fedha za ndengu na maembe ya miaka miwili, nayo ilikuwa imekwisha kutumiwa na watu wawili kabla yake. Alikuwa na chupa ya maji mkononi, akingoja injini ipoe.

Nikamwuliza, "Mzee, kwa kawaida unaitia maji gani?"

Akajibu, "Bwana, maji ni maji. Natia yale ya kisima chetu."

Basi, makala haya yameandikwa kwa sababu ya jibu hilo. Maana katika nchi yetu ya Kitui na Makueni maji si maji tu. Kila mama anayechota anajua kisima kipi kina maji matamu na kipi kina maji ya chumvi, na huko Mutomo na Ikutha, na pande nyingi za Kibwezi, visima vya chumvi ni vingi. Maji hayo hatuyapendi katika chai yetu, lakini twaimiminia motokaa bila kufikiri.

Tazama ndani ya birika lililotumiwa mwaka mzima kuchemshia maji ya kisima. Utaona ganda jeupe, gumu, lililoshika chini na pembeni. Injini ya motokaa nayo ni birika. Maji huzunguka ndani yake yakichukua joto, yakapita katika rejeta, yakapoozwa na upepo, yakarudi tena. Katika rejeta mna vijia vyembamba sana, vyembamba kuliko mrija wa soda. Ganda lile jeupe likianza kushika humo, vijia huziba kimoja kimoja. Mwenye motokaa haoni kitu, kwa kuwa akienda njia ya tambarare bila mzigo, vijia vilivyobaki vyatosha. Siku atakapopakia magunia na kupanda kilima saa saba mchana, ndipo atakapojua.

Chumvi ina kazi nyingine mbaya zaidi. Injini za Probox za petroli si chuma kitupu kama injini za malori ya zamani. Sehemu kubwa ni aluminiamu, kama sufuria zetu. Aluminiamu ni nyepesi nayo hupitisha joto upesi, lakini chumvi huila, na joto likizidi hupinda. Kichwa cha injini kikipinda kidogo tu, hata unene wa karatasi, gaskiti iliyo kati yake na injini haishiki tena. Maji yataingia mahali pa mafuta, na mafuta yataingia mahali pa maji. Injini iliyofikia hapo haiponi kwa kuongezewa maji.

Ndivyo ilivyokuwa kwa yule mzee. Fundi alikuja kwa pikipiki, akangoja kwanza, kisha akafungua kifuniko cha rejeta, akaonyesha ganda jeupe pembeni mwa mdomo wake. "Mzee, rejeta yako imeota chumvi," akasema. Halafu akafungua kifuniko cha mafuta ya injini, na upande wa chini ulikuwa na povu la rangi ya chai ya maziwa. Hapo fundi hakusema neno, akatikisa kichwa.

Baadaye mzee yule alinisomea hesabu yake, maana ni mtu wa kuandika. Kuvutwa na motokaa nyingine hadi gereji, shilingi 6,000. Rejeta nyingine, 9,000. Gaskiti, 4,500. Kusawazisha kichwa cha injini kwenye mashine, 3,000. Thamostati mpya, 1,500. Mafuta ya injini na chujio lake, 4,000. Dawa ya rejeta, 2,000. Ujira wa fundi, 8,000. Jumla shilingi 38,000, bila kuhesabu maembe aliyoyauza pale pale barabarani kwa bei ya huruma. Bei hizo ni zake. Kwako huenda zikawa juu au chini, kwa hiyo uliza kwanza kwa mafundi wawili au watatu. Lakini tazama jambo hili: tangu ainunue motokaa ile, hakutumia hata shilingi elfu mbili kwa ajili ya rejeta.

Sasa utauliza, nitie maji gani? Lililo bora ni kutotia maji matupu kabisa. Madukani huuzwa dawa ya rejeta, ambayo mafundi huiita kulanti, yenye rangi nyekundu, au waridi, au kijani. Dawa hiyo huzuia kutu na ganda, na huyafanya maji yasichemke upesi. Nunua ile inayofaa aina ya motokaa yako, wala usichanganye rangi hii na ile kwa kubahatisha, kwani nyingine zikichanganywa huganda kama uji. Ukiwa huna fedha, au umekwama njiani, tia maji ya mvua. Sisi wenye matangi ya kukinga mvua kutoka paa la mabati tuna bahati katika jambo hili, kwa maana maji ya mvua hayana chumvi ya ardhini. Yachuje kwa kitambaa safi, uyaweke katika mtungi wa lita tano, na mtungi huo usitoke katika motokaa. Lakini fahamu ya kuwa maji ya mvua ni ya kukufikisha nyumbani. Hayazuii kutu kama dawa.

Kila asubuhi, kabla ya kuiwasha, tazama kiasi cha maji. Ukiona yanapungua kila juma na chini hapana tone, usifurahi kwamba haivuji. Huenda yanapita katika gaskiti na kuungua ndani. Ishara yake ni moshi mweupe ambao hauishi hata injini ikiwa imepata moto. Shika pia mipira inayotoka katika rejeta. Mpira mzuri hujibonyeza na kurudi. Uliozeeka umekuwa mgumu na una nyufa kama kisigino cha mtu wakati wa kiangazi. Mpira huo ni wa kubadilishwa leo, si mwisho wa mwezi.

Njiani mshale wa joto ukipanda, au taa nyekundu ya joto ikiwaka (motokaa nyingine hazina mshale, zina taa tu), simama mara moja. Wengi husema, "Nimalize kilima hiki kwanza." Kilima hicho ndicho kinachouza injini. Zima, fungua boneti, ukae kivulini nusu saa au zaidi. Usifungue kifuniko cha rejeta kingali cha moto, kwa maana maji ya ndani yamebanwa na yataruka usoni. Watu wamebabuka hivyo. Wala usimwage maji baridi juu ya injini iliyo moto, kwani aluminiamu itapasuka au kupinda.

Tena kuna mafundi, nasi twawaheshimu mafundi wetu wa jua kali kwa kazi nyingi wanazozifanya kwa vyombo vichache, ambao injini ikipata moto huitoa thamostati na kuitupa. Husema nchi yetu ni ya joto, haihitaji kitu hicho. Hili si shauri jema. Thamostati ni mlango mdogo unaojifunga injini ikiwa baridi na kujifungua ikiwa moto. Ukiiondoa, injini hukawia kupata joto lake la kufanyia kazi, hula petroli zaidi, na ugonjwa wenyewe, yaani rejeta iliyoziba, hubaki pale pale umefichwa. Iliyoharibika ibadilishwe, wala usikubali kurudishiwa motokaa isiyo nayo.

Baada ya maji yaja mafuta ya injini, nayo hayataki maneno mengi. Injini ya Probox ya nguvu ya 1,500 huchukua lita 3.7 hivi pamoja na chujio jipya. Katika vumbi letu, badilisha kila kilomita 5,000. Injini hiyo haina mkanda wa ndani wa kukatika bali ina mnyororo, na watu hudhani mnyororo ni wa milele. Mnyororo huo huishi kwa mafuta safi. Mafuta yakiwa meusi na mazito kama lami, hulegea, na asubuhi utausikia ukigonga kama mtu anayetikisa misumari ndani ya mkebe. Motokaa kuukuu nyingi hunywa mafuta kidogo kidogo, kwa hiyo vuta kijiti cha kupimia kila juma. Kuongeza nusu lita ni gharama ndogo.

Chujio la hewa nalo lataka macho. Ukiifuata motokaa nyingine katika barabara ya murram wakati wa kiangazi, injini yako yavuta vumbi lile lile unalolivuta wewe, nayo haina leso. Fungua sanduku la chujio kila baada ya majuma mawili, likung'ute. Likiwa limegeuka rangi ya udongo kabisa, nunua jingine. Ukiendesha bila chujio, mchanga utasaga silinda kama jiwe la kusagia mtama.

Sasa tuje kwenye mzigo, maana hapa ndipo twapata ugomvi na wasomaji wetu. Probox ilianza kuuzwa huko Japani mwaka 2002, ikatengenezwa hasa kwa ajili ya wenye maduka na makampuni ya kubeba bidhaa. Watengenezaji wake waliipima kubeba kilo 400 wakiwamo watu wawili, au kilo 250 wakiwamo watu watano. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Gunia la ndengu ni kilo 90. Magunia manne ni kilo 360, na motokaa imetosha. La tano ni kilo 450, nawe umekwisha kupita kiasi. Lakini sote tumeona saba, na juu yake mbuzi.

Najua mtu atasema, "Yangu niliitia springi kubwa za nyuma." Springi kubwa zazuia motokaa isiiname, basi. Breki ni zile zile, boljointi ni zile zile, na rejeta ni ile ile. Motokaa isiyoinama humdanganya mwenyewe kwamba haikuzidishwa. Ukiteremka kutoka Mbooni na mzigo wa namna hiyo huku mguu wako hautoki kwenye breki, breki zitapata moto mpaka ziwe kama hazipo. Tia gia ndogo, uiache injini ishike motokaa, na breki uzitumie kwa kugusa na kuachia.

Sehemu zinazokufa kwanza kwa mzigo na mashimo ni zile za mguu wa mbele, yaani bushi, boljointi na shoki. Dalili yake ni kugonga chini unapopita katika matuta, na usukani kuvuta upande mmoja. Bushi mbovu itakula tairi lako upande mmoja, na tairi mbili ni fedha kuliko bushi zote. Boljointi mbovu ni hatari zaidi: ikitoka, gurudumu hulala kando na motokaa haina uongozi tena. Mwambie fundi aiinue motokaa kwa jeki na kulitikisa gurudumu juu na chini. Likicheza, usisafiri. Habari ya tairi, neno moja tu: nunua tairi za kubebea mizigo, zenye alama kama 6PR au 8PR ubavuni, si zile za motokaa za abiria, ijapokuwa hizo ni nafuu.

Kuna jambo moja katika gia ambalo limewapoteza wengi. Probox za kwanza zisizo na klachi zilikuwa na gia za kujibadilisha za kawaida, nne. Tangu mwaka 2014 motokaa hii ilipobadilishwa sura, zilitiwa gia za namna nyingine, zinazoitwa CVT, ambazo hazina hatua. Mafuta ya gia za namna hii si mafuta ya gia za namna ile. Muuza duka akikuambia yote ni sawa, toka uende duka jingine, kwani gia zikiharibika gharama yake ni sawa na mavuno ya msimu mzima wa mkulima wa kawaida.

Katika settlement ya Makueni, iliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1940 baada ya kufyekwa msitu wa mbung'o, wazee wa kwanza walibeba mazao kwa punda. Punda akichoka husimama, hata ukimpiga. Motokaa haina busara hiyo, kwa hiyo mwenyewe hapana budi awe nayo.

Sasa fedha. Wakulima wengi huhesabu petroli tu, wakaona motokaa yaleta faida. Kisha siku moja yaharibika, na faida yote ya mwaka huenda gereji pamoja na mbuzi wawili. Hesabu ya kweli ni hii, nami naweka tarakimu za mfano, wewe utie zako. Tuseme safari yako ya soko ni kilomita 100, kwenda na kurudi, na motokaa hutumia lita 8. Bei ya petroli hutangazwa na Serikali tarehe 14 ya kila mwezi; tuseme ni shilingi 180 kwa lita. Petroli ya safari ni shilingi 1,440. Hiyo unaijua.

Lakini tairi nne za shilingi 32,000 zikienda kilomita 40,000, kila safari imekula tairi za shilingi 80. Mafuta ya injini, machujio na ujira, tuseme shilingi 6,000 kila kilomita 5,000. Kila safari imekula 120. Breki, bushi, shoki, betri na mengineyo, tuseme shilingi 60,000 kwa mwaka wa kilomita 20,000. Kila safari imekula 300. Jumla ni shilingi 500, nazo hukuzitoa mfukoni siku hiyo, ndiyo maana hukuziona. Bima sijaitia bado. Basi kila unaporudi sokoni, kabla ya sukari na kabla ya karo, weka shilingi 500 kando, iwe katika simu au katika kibuyu, na zisiguswe. Safari zikiwa mbili kwa juma, baada ya miezi sita utakuwa na shilingi 26,000 zinazoingojea motokaa. Ukiona safari haiwezi kutoa hizo 500, basi safari hiyo haina faida, na afadhali upatane na majirani wanne mkodishe lori moja.

Kwa anayetaka kununua, nina shauri dogo. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini motokaa iliyozidi miaka minane tangu iandikishwe mara ya kwanza, kwa hiyo zilizo kuukuu kuliko hapo utazinunua kwa mwenzako hapa hapa, na mwenzako huyo ana sababu yake ya kuuza. Mwambie utakuja asubuhi, na motokaa isiwashwe kabla hujafika. Ukikuta boneti ina joto, uliza kwa nini. Fungua kifuniko cha rejeta ikiwa baridi, utazame rangi ya maji na kama kuna ganda jeupe au mafuta yanayoelea. Fungua kifuniko cha mafuta, utafute ile chai ya maziwa. Kisha iwashe, usikilize mnyororo. Ipandishe kilima ikiwa na watu wanne, na mwisho uiache ingurume imesimama robo saa huku ukitazama joto na kuona kama feni yawaka yenyewe. Mpe fundi wako, si wa muuzaji, shilingi elfu mbili aje pamoja nawe. Tena hakikisha jina lililoandikwa katika kitabu cha motokaa ni la yule unayempa fedha.

Yule mzee nilimwona tena mwezi wa Machi, sokoni Wote. Motokaa ilikuwa nzima, maji yake ya waridi, na nyuma ya kiti chake palikuwa na mtungi wa lita tano ulioandikwa kwa rangi nyeupe, MVUA. Alikuwa ameleta magunia manne ya ndengu. Nikamwuliza kama mavuno yalikuwa manne tu. Akasema la, la tano liko nyumbani, litakuja Alhamisi.